Milimita ya Tumboni: Kuchagua Zana za Mkono za Kuchonga Upinde

Chukua mkono mmoja wa upinde wa mbao, wenye upana wa milimita 40 na unene wa milimita 12. Ukiupunguza milimita moja pembeni, kwenye upana, unapoteza kama asilimia 2.5 ya ukakamavu wake. Ukipunguza milimita hiyohiyo kwenye unene, unapoteza asilimia 23. Ukakamavu wa mti unaopindwa hufuata upana moja kwa moja, lakini unene hujizidisha mara tatu: unene kwa unene, kisha tena kwa unene. Kwa hiyo upinde uliovutwa kwa kilo 20 unaweza kushuka hadi kilo 15 na ushei, na kilichoanguka chini ya meza ni maranda ya kujaza kiganja. Geuza hesabu hiyo, utaona kwamba milimita nzima ya pembeni ina uzito sawa na sehemu moja ya kumi ya milimita ya unene.

Nimetanguliza hesabu kwa sababu anayetaka kuchonga upinde wake wa kwanza kwa kawaida huuliza zana ipi ni bora: shoka au tezo, randa au tupa, kisu au mashine. Swali hilo halijibiki likiulizwa hivyo. Linajibika ukijua kila zana inatoa mti kiasi gani kwa pigo moja, na mahali unapoipeleka pana nafasi gani ya kusamehe kosa. Shoka hutoa milimita kadhaa kwa mara moja. Bamba la kukwangulia hutoa randa jembamba kuliko karatasi. Zana nyingine zote zimepangana kati ya hizo mbili, na kazi ya mchongaji ni kujua wakati wa kuishusha moja mkononi na kuishika inayofuata.

Upinde una nyuso mbili ambazo hazifanani kwa tabia. Mgongo ni upande unaomtazama mlengwa. Upinde ukivutwa, nyuzi za mgongo hunyooshwa. Tumbo ni upande unaomtazama mpiga mshale, na nyuzi zake hubanwa. Mti mkavu huvumilia kunyooshwa kuliko kubanwa, na tumbo likizidiwa hutoa makunyanzi madogo yanayokata nyuzi, upinde ukabaki umepinda hata upote, yaani kamba yake, ukivuliwa. Lakini mgongo ukishindwa, hushindwa kwa ghafla: unapasuka na vipande kuruka. Hapo ndipo inapotoka kanuni ambayo wachonga pinde wa nchi nyingi wameifikia kila mmoja kwa njia yake, kwamba mgongo uguswe kidogo iwezekanavyo na kazi yote ya kupunguza unene ifanyike tumboni. Kwa hiyo unapochagua zana, kwa sehemu kubwa unachagua zana za tumbo.

Mti wenyewe una sauti katika uchaguzi huo kabla ya mchongaji. Katika nchi zenye majira ya baridi, mti hujiwekea pete ya ukuaji kila mwaka, na mchongaji wa Marekani au Ulaya hufuata pete moja kutoka ncha hadi ncha ili mgongo usikatwe nyuzi. Ni kazi ya saa nyingi inayohitaji kisu cha mipini miwili na mwanga mzuri. Miti mingi ya ukanda wetu haina pete zinazoonekana wazi, kwa hiyo njia hiyo haifai hapa. Njia ya hapa ni nyepesi zaidi, na kwa maoni yangu ina akili zaidi: chagua mche au tawi nene lililonyooka, vua gamba, na uso unaokutana nao chini ya gamba ndio mgongo. Uso huo umetengenezwa na mti wenyewe na hakuna uzi uliokatwa. Kwa hatua hiyo moja unakuwa umeondoa nusu ya zana ambazo vitabu vya Wazungu hukuambia ununue.

Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, ni mfano ulio hai. Upinde wao ni fimbo ya mviringo iliyochongwa kutoka mti mmoja, mara nyingi jamii ya mkole, na zana zao za kuuchongea ni shoka na kisu. Mishale wao huinyoosha kwa meno, na vyembe vingi hufuliwa kutokana na misumari. Mtu anaweza kuona ufukara wa vifaa hapo. Mimi naona ulinganifu: umbo la upinde limechaguliwa likaendana na zana zilizopo. Fimbo ya mviringo yenye kipenyo cha milimita 25, ukiikwangua kote hadi kipenyo kipungue milimita moja, hupoteza kama asilimia 15 ya ukakamavu. Ni hasara, lakini ni ndogo kuliko ile asilimia 23 ya upinde bapa. Upinde mnene wenye upana mdogo humsamehe mwenye kisu. Waata wa nyika ya Tsavo, nchini Kenya, waliowinda tembo kwa mishale ya sumu, walikuwa na pinde zilizovutwa kwa zaidi ya kilo 45, nazo pia zilichongwa kwa vyuma vya kawaida vya kijijini.

Waingereza nao walikuwa na upinde wa namna hiyo, mrefu na mnene. Jahazi la kivita la Mfalme Henry wa Nane, Mary Rose, lilizama mwaka 1545 na kuopolewa mwaka 1982, na ndani yake zilipatikana pinde nzima 137 na mishale zaidi ya 3,500. Pinde hizo, nyingi zikiwa na urefu unaokaribia mita mbili, zilichongwa kutoka mti wa yew, na mchongaji aliacha tabaka jeupe la nje kuwa mgongo na kiini chekundu kuwa tumbo. Kila penye fundo aliacha mti ukiwa umevimba kidogo badala ya kulisawazisha. Mtu wa mashine angelifyeka fundo lile likawa laini. Mtu wa zana za mkono alilizunguka, kwa kuwa nyuzi zinazopita kando ya fundo ndizo zinazobeba mzigo.

Mambo yalibadilika miaka ya 1930, pale Clarence Hickman na wanasayansi wenzake wa Marekani walipochunguza kwa hesabu jinsi upinde unavyohifadhi nguvu, wakaonyesha faida ya mikono bapa na mipana. Upinde bapa hugawa mzigo kwenye mti mwingi zaidi, hivyo hata mti usio wa daraja la kwanza hufaa. Kwa anayechonga nyumbani leo, ambaye huenda ana ubao wa duka la mbao tu na si tawi teule la msituni, huo ndio upinde ninaoupendekeza. Ila faida hiyo ina gharama yake, na gharama inalipwa kwenye zana. Mkono ukiwa mwembamba kwa unene, kila sehemu ya kumi ya milimita huhesabika, na kisu peke yake hakitoshi tena.

Tuanze na kazi ya mwanzo. Ukipata gogo au tawi nene, lipasue kwa kabari, usilipasue kwa msumeno. Kabari hufuata nyuzi zilivyo hata kama zimejipinda, na ufa utakuonyesha ukweli wa mti kabla hujapoteza siku mbili juu yake. Msumeno hukata mstari ulionyooka na kuziacha nyuzi zikitokea pembeni, na mahali nyuzi zinapotokea ndipo upinde utakapovunjikia. Msumeno una nafasi yake ukiwa na ubao: chagua ambao nyuzi zake zimelala sambamba na ukingo mwanzo hadi mwisho, kisha ukate umbo la upana kwa msumeno bila wasiwasi. Huko ni pembeni, na pembeni panasamehe.

Shoka ndilo zana ya kwanza ya kweli, na watu wengi hulidharau. Shoka dogo lenye makali mazuri, likishikwa karibu na kichwa, hutoa mti mwingi kwa muda mfupi na bado hutii mkono. Siri ni kukata vichanjo vya mshazari kwanza, kila baada ya sentimita chache, ndipo upasue kuteremka, ili pande la mti lisichanike kupita pale unapotaka. Panga zito hufanya kazi hiyohiyo kwenye mti mbichi, na kwa kuvua gamba na kupunguza pembeni silioni likizidiwa sana. Kwenye mti mkavu panga huruka, kwa hiyo kazi ya panga na shoka ifanyike mti ukiwa bado na maji. Paka ncha mbili rangi au nta zisikauke haraka na kupasuka, acha ziada ya unene ya kutosha, kisha anika kivulini. Upinde uliokamilishwa ukiwa mbichi hujikunja na haurudi. Pwani, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, ukaukaji huchukua muda zaidi kuliko Dodoma au Machakos.

Tezo ina heshima yake. Mafundi wa majahazi wa Lamu na wachongaji wa Kimakonde wanaitumia kwa ustadi unaofurahisha macho. Kwa upinde, hata hivyo, siipendekezi kwa anayeanza. Pigo la tezo huingia ndani na kutoka, likiacha bonde dogo. Kwenye kinyago bonde husawazishwa, na kwenye ubao mnene wa jahazi halina madhara. Kwenye tumbo la upinde, bonde la milimita moja na nusu ni mahali ambapo mkono utakunjika kama bawaba: mzigo wote utakusanyika pale, na sehemu nyingine zitakaa bila kufanya kazi. Mwenye mkono wa miaka mingi ataiweza. Mwingine aiache.

Baada ya shoka unahitaji zana ya kati, na hapa ndipo pana mabishano ya haki. Wachongaji wa Ulaya na Marekani hupenda kisu kirefu chenye mipini miwili, kinachovutwa kuja kifuani. Kwenye mti wenye nyuzi zilizonyooka kinafanya maajabu, maana unahisi nyuzi kupitia mikono yote miwili na randa linatoka refu. Tatizo ni kwamba miti mingi ya kitropiki ina nyuzi zilizopishana, tabaka moja limelala huku na linalofuata limelala kule. Kisu cha kuvuta kikikutana na nyuzi hizo huzama chini yake na kung'oa kipande ambacho hukutaka kukigusa. Randa nayo hung'oa, ingawa kwa kina kidogo zaidi, na kwa kuwa sakafu yake ni bapa haiwezi kufuata mti uliojipinda. Randa naipenda kwenye ubao, siipendi kwenye tawi.

Kwa hiyo kwa mti wa huku kwetu zana yangu ya kati ni tupa ya mbao, ile ya meno makubwa yaliyochomoza moja moja. Tupa haijali nyuzi zimelala vipi. Haizami wala haing'oi vipande. Hutafuna juu juu tu kwa kina cha meno yake, na ukiipitisha kwa mshazari kuvuka upana inasawazisha vilima na mabonde ambayo shoka limeacha. Upande wake mmoja huwa bapa na mwingine wa mviringo, na huo wa mviringo hufaa mahali mshiko unapokutana na mikono. Ubaya wake ni mikwaruzo. Meno huacha mifereji, na mfereji unaokata nyuzi kwa kukingama ni mwanzo wa ufa. Tumboni mikwaruzo hiyo itakwanguliwa baadaye. Mgongoni tupa isifike kabisa, isipokuwa kuzungusha kidogo kingo kali.

Kutoka hapo tunafika kwenye zana ambayo ningeitetea mbele ya nyingine zote: bamba la kukwangulia. Ni kipande cha chuma chembamba na kigumu, ukubwa wa kiganja, ambacho ukingo wake umesuguliwa ukanyooka kisha ukalazwa kidogo kwa chuma kigumu zaidi ili utoe kijino kisichoonekana kwa macho. Ukikisukuma kikiwa kimeinama kidogo, hutoa maranda membamba yanayojikunja, na kila mpito hutoa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Huzitawala nyuzi zilizopishana kwa sababu hakiingii chini yake. Hulizunguka fundo bila kulifyeka. Na muhimu kuliko vyote, kinakupa muda wa kuona. Unakwangua mara kumi, unapinda, unatazama, unakwangua tena.

Bamba hilo halihitaji kununuliwa. Msumeno wa mkono uliochakaa ukikatwa vipande hutoa mabamba kadhaa ya chuma kizuri, kwa kuwa chuma cha msumeno ni kigumu na bado hukubali tupa ya chuma. Mafundi wa jua kali wanaofua springi za magari kuwa visu na mashoka wanaweza kukuundia hata kisu kinene cha kukwangulia chenye mpini, nacho kwa mti mgumu kina nguvu kuliko bamba jembamba. Kisu cha jikoni kikisimamishwa wima na kuvutwa kitakwangua pia, ingawa kitatetema na kuacha mawimbi usipobadilisha pembe kila mara. Kigae cha chupa kinakwangua vizuri ajabu kwa dakika chache, kisha makali yake huisha, na hatari ya kujikata ni kubwa mno kuweza kukitetea penye chuma.

Kukwangua ni kazi ya kale. Upinde wa Holmegaard, wa mti wa elm, uliopatikana kwenye tope la Denmark mwaka 1944, ulichongwa na watu wa enzi ya mawe ambao hawakuwahi kuona chuma. Tena mikono yake ni mipana na bapa, umbo lilelile linalodai usahihi mkubwa. Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Yahi la California, aliyeishi kwenye jumba la makumbusho huko San Francisco kuanzia mwaka 1911 hadi kifo chake mwaka 1916, alimfundisha daktari Saxton Pope jinsi alivyochonga pinde: kwa kukwangua na kusugua kwenye jiwe la mchanga. Pope alichukua ujuzi huo, akauchanganya na wa Waingereza, na mwaka 1925 alikuja hadi Tanganyika kuwinda simba kwa upinde. Safari hiyo haipasi kuigwa leo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania haimruhusu mtu kuwinda bila kibali. Upinde ninaouzungumzia ni wa shabaha.

Msasa hauchukui nafasi ya bamba. Hulainisha uso lakini hauuweki sawa, kwa kuwa hufuata vilima na mabonde vilevile yalivyo. Tena vumbi lake huingia kifuani, na baadhi ya miti yetu vumbi lake halifai kuvutwa. Utumie mwishoni, kwa kufuata urefu wa nyuzi, mti ukiwa umeshapimwa na kukubalika.

Na mashine je? Fundi wa karakana leo ana grenda, na grenda yenye diski ya msasa humaliza kwa dakika kumi kazi ya shoka na tupa ya saa tatu. Kwa kukata umbo la upana sina ugomvi nayo. Tumboni naikataa. Diski hutoa milimita nzima kabla jicho halijatambua, na hiyo ni asilimia 23 mahali ulipokusudia asilimia 2. Zaidi ya hapo inamnyima anayejifunza kitu ambacho hakuna maelezo yanayoweza kukileta, yaani kuhisi kwa vidole mahali mti unapokaza na mahali unapolegea. Anayechonga upinde wake wa kwanza kwa grenda, ukivunjika, hatajua ulivunjikia nini.

Zana za kushikia na kupimia husahaulika wakati wa kununua, na bila hizo zile za kuchongea ni nusu. Tupa na bamba huhitaji mikono miwili, kwa hiyo upinde lazima ubanwe. Jiliwa la seremala linafaa ukiweka vipande vya mbao laini au ngozi kati ya meno yake na mti. Asiye na jiliwa anaweza kubana upinde kati ya gogo na goti lake, jinsi ambavyo watu wamechonga mipini ya majembe tangu zamani. Kwa unene, vidole gumba na shahada vikipitishwa polepole toka mshikoni hadi nchani hugundua badiliko dogo sana, lakini mwanzoni ongeza kipimo cha chuma cha kubania ili vidole vijifunze kutoka kwake.

Kisha unahitaji mahali pa kupindia upinde huku ukiutazama kwa mbali. Ubao uliosimamishwa ukutani, wenye kishikio juu na kamba inayopita kwenye kapi chini, hukuwezesha kuvuta ukiwa umesimama hatua nne nyuma. Ning'iniza mizani ya ndoano kwenye kamba hiyo upate kujua kilo. Mchoro wa mkono uliopindika ndio unaokuambia bamba liende wapi: sehemu iliyonyooka ndiyo inayokwanguliwa, na sehemu iliyokunjika kupita nyingine haiguswi tena, hata kwa msasa. Usivute kamwe kupita kilo ulizokusudia wakati kazi haijaisha. Kwanza hata kabla ya kamba, simamisha ncha moja chini, sukuma mshikoni kwa kiganja, na utajua kama wakati wa kuacha tupa umefika. Mimi huacha tupa mapema. Mkono unapoanza tu kuonyesha mpindo hafifu, nashika bamba, hata kama mti uliobaki unaonekana mwingi.

Makali ndiyo yanayofanya zana iwe zana. Shoka la bei ndogo lililonolewa vizuri kwenye kinoo litalishinda shoka ghali lililoletwa na makali ya dukani, na bamba lisilonolewa hutoa vumbi badala ya maranda. Hiyo ndiyo dalili yake: ukiona vumbi, simama unoe. Kwa hiyo ningepanga fedha hivi. Kwanza kinoo chenye nyuso mbili na tupa ya chuma ya kunyooshea ukingo wa bamba. Pili tupa nzuri ya mbao, kwa kuwa hiyo haichongeki nyumbani na za bei ya chini hupoteza meno kwenye mti mgumu. Tatu shoka dogo, ambalo mhunzi anaweza kukufulia. Bamba litatoka kwenye msumeno mkuukuu. Randa, kisu cha mipini miwili na patasi visubiri upinde wa tatu au wa nne.

Iliyobaki ni tupa nyembamba ya mviringo, ya unene wa penseli, kwa ajili ya mikato miwili ya ncha ambamo upote hukaa. Ikate mikato hiyo kwa mshazari, pembeni na tumboni, bila kuvuka mgongo, na ilainishe kwa kipande cha msasa kilichokunjwa ili isiule upote. Fanya hivyo mapema, upinde ukiwa bado mzito, maana bila mikato hiyo kamba haina pa kushika na mikono haiwezi kupimwa.